Vidonge Ndani ya Kasha la Gitaa

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Paka kazaa tena, safari hii kwenye kapu la nguo.

Juzi nilifungua kasha la gitaa lako, harufu ikanichoma pua. Mama kajaza vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Mvuke wake umelainisha vanishi mpaka kidole kinanasa.

"Nalitunza," alisema.

Unajua vidonge hivyo huviweka kwenye suti za marehemu baba tu. Nguo zetu tulio hai huzianika juani.

Nilivitoa, nikaliacha kasha wazi dirishani. Nilipotoka kazini nilikuta kalifunga, na vidonge vipya ndani.

Mpigie simu, kaka. Mimi nikimwambia u mzima, ananipa pole.

Dada yako