Okidi za Mavyaa Wangu

Miritini, Mombasa
Jumatatu

Dada yangu mpendwa Pascalia,

Salamu nyingi za upendo zikufikie hapo Mumias ukiwa mzima, wewe na shemeji na watoto. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba umeacha kubeba madumu ya maji kana kwamba bado ni msichana. Sisi huku hatujambo. Tsuma wangu bado yuko kwenye ile yadi ya makontena, mvua zimepungua, na joto halijaanza kututesa. Jambo kubwa ni hilo unalolijua, la mavyaa wangu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ningekupigia simu, lakini wewe kwenye simu hukatiza, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Ulinishauri nimwache shemeji Ngumbao amchukue mama yao, ampeleke kwake Kaloleni. Ulisema tangu niolewe ananiita "huyu wa bara", hajawahi kunitaja kwa jina langu wala kusifu chakula changu. Kwa nini basi nijichoshe kumwosha na kumlisha, sasa kiharusi kimempooza mkono na kumfunga ulimi? Siku ile nilibadilisha mazungumzo. Sasa ninalo jibu, ila itabidi univumilie, maana linaanzia kwenye maua.

Ulipokuja kututembelea uliona mimea imening'inia barazani, ukauliza ni magugu gani haya yasiyotaka udongo. Zile ni okidi. Mavyaa wangu, Mama Kanze, aliziokota moja moja kwenye matawi ya miembe na mikorosho iliyokuwa ikikatwa huku kwetu watu wakijenga. Wenzake walibeba kuni, yeye akabeba kilichoota juu ya kuni. Hakuna hata moja yenye kibandiko cha jina. Alizijua kwa mahali alipozitundika: hii ya msumari wa mlangoni, ile ya pembeni kwenye kivuli. Basi alipokuwa amelazwa hospitali, fundi alikuja kubadilisha mabati ya baraza, akazishusha zote na kuzirundika nyuma ya bafu. Niliporudi kutoka kumpelekea mgonjwa chakula nikakuta rundo la majani na mizizi, nami sikuijua okidi hata moja.

Nilizitundika nilivyoweza, nikazimwagilia zote sawasawa, asubuhi na jioni. Maji yenyewe ni ya kisima, na visima vya huku vina chumvi. Ncha za majani zikawa nyeusi. Moja ikaoza mpaka ikanuka. Nikapiga picha na kutafuta kwenye simu, nayo simu ikanipa majina matatu marefu kwa mmea mmoja. Mwishowe nikavuka feri mpaka Likoni kwa mama mmoja aitwaye Mwanarehema, anayeuza miche kando ya barabara. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniambia kuwa okidi ambayo haijatoa ua, mtu akikutajia jina lake kamili anabahatisha tu. Nisubiri ua, na wakati nikisubiri nitazame shina, jani na mzizi, nitajua angalau inataka nini. Yenye shina nene kama muwa imejiwekea akiba ya maji, kwa hiyo huvumilia jua na kiu. Isiyo na akiba hiyo hutaka kivuli na unyevu. Mzizi ukiwa mweupe una kiu, ukiwa wa kijani umeshiba, niuache. Na maji yawe ya mvua. Nilikinga maji ya mvua kwa kila chombo nilichokuwa nacho, hata beseni la nguo.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, tulimweka kwenye kiti barazani. Alitazama juu, akaona mimea yake imechanganyika, machozi yakamtoka. Alijaribu kusema, ikatoka sauti tu. Tsuma akaingia ndani kwa uchungu, nikabaki naye peke yangu, na nakwambia kweli nilimwogopa.

Kesho yake nikaishusha mimea na kumwekea mapajani, mmoja baada ya mwingine. Laiti ungemwona, dada. Kwa mkono wa kushoto, ule mzima, alipapasa shina kutoka chini hadi juu, akaminya mzizi kwa vidole viwili, akanusa, kisha akanielekeza kwa kidevu: huu juani, huu kivulini, huu ufungwe upya kwenye kumbi la nazi. Hakukosea. Kulikuwa na mmoja usio na jani hata moja, mizizi tu iliyojisokota kama uzi wa katani. Nilidhani umekufa, nikautia kwenye ndoo ya taka. Akanipiga kofi mkononi. Lilikuwa kofi la haja, nami nilifurahi, maana hospitalini hatukuwa na hakika kama ataweza kushika hata kikombe. Akautoa kwenye ndoo, akaitumbukiza ile mizizi kwenye maji ya mvua, akainyanyua mbele ya macho yangu mpaka nikaiona inageuka kijani. Mmea ule hauna majani maishani mwake. Mizizi ndiyo inayofanya kazi ya majani.

Basi tukawa tunakaa pamoja hapo kila nikimaliza kazi za nyumba. Maneno yalianza kumrudia, lakini yalikuja yamepotea njia. Akitaka chumvi anaomba sabuni. Tsuma mwenyewe aliwahi kuitwa mlango. Akijisikia amekosea hukasirika, hufumba macho, hulitafuta neno lake mpaka jasho linamtoka, na akilipata hulisema mara mbili. Sijapata kuona mtu mwenye moyo kama ule. Mimi ningenyamaza kabisa kuliko kuchekwa. Yeye hakujali nani anamsikia.

Sasa nifike pale nilipokusudia. Asubuhi moja nilikuwa uani nafua, nikasikia sauti kutoka barazani ikiita vizuri kabisa, "Dama." Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani. Nikaitika, "Abee, mama," nikakimbia na mikono yenye povu. Ule mmea usio na majani ulikuwa umechanua, vijiua vyeupe vidogo kama punje za mchele. Akaninyooshea kidole. "Dama, tazama." Nikatazama.

Dama alikuwa binti yake. Alifariki kwa homa kabla sijaolewa hapa, na picha yake iko sebuleni. Tangu asubuhi ile mimi naitwa Dama. Sikumsahihisha. Tsuma aliniuliza kama naumia, nikamwambia siumii, na sikumdanganya.

Jumamosi iliyopita Ngumbao alikuja na gari la kukodi kumchukua mama yake. Aliposikia ninavyoitwa akatikisa kichwa, akasema basi, akili imekwenda, hapa hapana la kujadili. Akachuchumaa mbele ya kiti, akamshika mama magoti, akamwambia kwa upole, "Mama, huyu ni Roseline, mke wa Tsuma. Dama tulimzika."

Mama alimtazama. Midomo ilihangaika, akafumba macho, akafumbua.

"Najua," akasema. "Najua."

Kisha akaninyooshea ule mkono mzima. "Dama, niinue."

Nikamwinua. Ngumbao alikaa, akapokea chai. Aliinywa akitazama kanga za mama yake kwenye kamba. Nilimwambia mimi mwenyewe, kabla Tsuma hajafungua mdomo, kwamba mama ataishi na mimi. Akaitikia, akaondoka na gari tupu.

Ndiyo habari niliyotaka uisikie bila kunikatiza. Haendi Kaloleni, nami siendi popote. Naomba usimwambie mama yetu mpaka nimweleze mwenyewe, asije akadhani nimelitupa jina alilonibatiza nalo.

Nisalimie wote hapo, mkubwa kwa mdogo, na umwambie shemeji kahawa aliyoniagiza nitamtafutia. Mungu awatunze mpaka uje kwetu Desemba. Ukifika ukisikia naitwa Dama, usishtuke, wala usimsahihishe. Na wewe akikupa jina, itika.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Roseline