Uji wa Bi Rukia

Walthamstow, Ijumaa usiku, Desemba 2000

Bado nauhisi ule uji kooni.

Salum kesho anapimwa uzito kabla ya pambano, na leo mizani ilionyesha amezidi kidogo. Tangu niache mieleka niwe kocha, sijapata kijana kama yeye. Ananikumbusha mimi nilipokuwa bingwa wa chuo. Labda ndiyo maana namkazia hivi...

Magharibi ilitukuta mazoezini. Ramadhani hii imeangukia majira ya baridi, saa kumi jioni tu giza limeshaingia. Mama yake, Bi Rukia, akaja na mvua yote ile kutuletea futari: tende, katlesi, na uji ndani ya chupa ya chai.

Nikamwambia, "Mwanao asile kitu, Bi Rukia. Afungue kwa maji tu."

Akaniangalia. "Tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni, mwalimu."

"It's fine, Mum," Salum akasema, akanywa funda moja la maji.

Bi Rukia hakubishana. Akanifunulia sahani. "Haya, basi futuru wewe. Nawe umeshinda na saumu."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikachukua tende, nikapiga bismillahi kwa sauti ili wanisikie. Salum, midomo imemkauka, akanimiminia uji, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Nikanywa mpaka chini, yeye kasimama ananitazama.

Mimi si mgonjwa, wala si msafiri. Mchana nilikula samaki na chipsi ndani ya gari, nimepandisha vioo.