Usimwache, Wala Usimwachie

6 Januari

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinasemaje? Mama kaniambia siku hizi unakula kwa kubembelezwa kama mtoto. Sisi huku wazima, ukiacha lile unalolijua nusu.

Nusu iliyobaki ni hii. Daktari ameshagundua kwa nini mimba mbili zilitoka na ya tatu haitaki kuingia. Ni tezi yangu ya shingoni, ile wanayoiita thairoidi. Imelala. Haitoi homoni ya kutosha, ndiyo maana nasikia baridi hata nikiwa mbele ya tanuri la mikate, nywele zinabaki kwenye kitana, na hedhi inakuja inapojisikia. Nameza vidonge, napimwa, damu inasema vilevile. Anaongeza dozi, napimwa tena, vilevile.

La kunimaliza ni hili. Mama mkwe alipoanza kuuliza mjukuu yuko wapi, mume wangu akamjibu bila kunishirikisha: "Mama, mwache mwenzangu. Mwenye tatizo ni mimi." Tangu hapo mama yake anamletea unga wa mizizi kwenye makopo ya maziwa, na kaka zake wamembatiza Betri Kuukuu. Yeye fundi wa friji, anacheka tu, anasema betri kuukuu zilitengenezwa vizuri zaidi. Mimi sicheki. Nimeamua kumwacha akapate watoto kwa mwingine. Mwezi ujao nahamia kile chumba kilicho juu ya kiwanda chetu cha mikate. Nakuambia wewe kwanza.

Mjukuu wako

19 Januari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kifua kinakoroma kama birika. Daktari akija anazungumza na mama yako, hazungumzi nami, kwa hiyo ninajua ninakoelekea na wala siogopi. Ila kuna jambo sikutaka kwenda nalo, na barua yako imelifukua.

Kitambaa ninachofunga shingoni mlidhani ni urembo wa mwalimu mkuu. Chini yake kuna kovu. Nilikuwa na rovu, uvimbe wa shingo, na tezi yangu ililala kama yako. Nikafanyiwa upasuaji, nikapewa vidonge, na mama yako akazaliwa mwaka wa tisa wa ndoa. Miaka yote ile nilikuwa mwalimu wa bayolojia. Nilikuwa naichora tezi hiyo ubaoni, naeleza kazi yake, kisha narudi nyumbani kwa watu wanaoamini kwamba mgumba ni babu yako.

Waliamini kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia. Nilikuwepo. Nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja. Mama yake akamchemshia dawa chungu, naye akainywa kikombe kizima mbele yao, akafuta mdomo: "Ina ladha ya soksi, lakini nguvu naziona zinakuja." Dada yake, yule tunayemwita Spika kwa kuwa ukimnong'oneza asubuhi, jioni mtaa mzima umesikia, alimtania mbele za wageni. Babu yako alikuwa mpima ardhi, mtu asiyekubali mpaka wa shamba usogezwe hata kidole. Jina lake mwenyewe aliwaachia waliburuze wapendavyo. Mtoto alipozaliwa, ndugu wakasema dawa yao imefanya kazi. Akawashukuru!

Nakuungamia: sikuwaambia ukweli, na yeye sikumwambia asante. Kila mwaka nilidhani tuna muda. Nimelala kitanda kimoja na mtu mkubwa namna ile, nikamwacha abebe peke yake mpaka kaburini.

Leo nawe umepewa wa aina hiyo hiyo, unataka kuhama? Usimwache. Wala usimwachie mzigo huu. Nenda kwa mama mkwe ukaseme kwa mdomo wako, kitu kilichonishinda mimi na vyeti vyangu vyote. Na hospitali urudi. Tezi iliyolala huamshwa. Ushahidi ni mama yako, anayenipigia kelele kila siku nimalize uji.

Bibi yako

2 Machi

Bibi,

Shikamoo, na pole na kifua. Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la unga, wenzangu wakadhani nimefiwa. Sikuhama.

Nilimkuta mama mkwe sebuleni anachekecha mizizi yake. Nikamwambia, "Mama, acha. Si yeye, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Mwenye tatizo ni mimi. Tezi ya shingoni. Mwanao alinifunika."

Akaweka chekeche chini. "Kwa hiyo nimezunguka juani kutafuta dawa ya mtu asiyeumwa?"

Mume wangu akadakia toka mlangoni: "Imenisaidia, mama. Nimeacha kukohoa."

"Funga mdomo, mwongo mkubwa wewe!" Kisha akanigeukia. Nikajua sasa natimuliwa. Akasema, "Mwongo huyu. Lakini nimelea, au sikulea?"

Nikasema umelea, mama. Nikalia kama mjinga.

Basi akahamia kwetu ili aniangalie, na kliniki akatufuata. Daktari akauliza kama nameza dawa kila siku. Nikasema ndiyo. Mama mkwe akamkata: "Anameza, nimemwona kwa macho yangu. Na chai ya maziwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, vyote mkupuo mmoja, huku mguu mmoja uko nje." Daktari akaweka kalamu chini. Kumbe maziwa na vile vidonge vya madini ya chuma huizuia dawa isiingie mwilini! Inataka maji matupu na tumbo tupu, ukae hadi saa nzima ndipo ule, na vidonge vya damu vingoje mchana. Sisi waoka mikate siku inaanza kwa chai kabla jua halijachomoza. Muda wote huo nilikuwa naimeza na kuifungia mlango.

Sasa naanza na maji. Tungoje.

Mjukuu wako

11 Mei

Mke mwenzangu,

Marahaba. Utausamehe mwandiko, naandika nimelala. Barua yako naiweka chini ya mto. Ulilolifanya pale sebuleni nimelivulia kofia, nikaona haya kubaki nyuma. Nikamwita Spika.

Nilimchagua makusudi. Kumwambia yeye ni sawa na kutangaza redioni, nami nilitaka babu yako asafishwe ningali hai. Nikafungua kitambaa, nikamwonyesha kovu, nikasema yote. Akasema, "Kumbe nilimwonea kaka yangu." Akalia, akanifunga kitambaa vizuri, akaondoka.

Nikangoja. Wiki zikapita. Ndugu wanakuja kuniona, wananiuliza kifua tu. Nikamwita tena. "We Spika, umeharibika? Mbona habari haijatoka?"

Akajibu, "Wifi, kaka aliishika mpaka akazikwa nayo. Mimi nani niimwage?"

Maisha yangu yote nilidhani familia ile ilizaa mtu mmoja tu wa namna ile. Nikamwambia asante, yeye na kaka yake kwa pamoja. Akasema ya kaka yake nisimtwishe, kwa kuwa nitamtangulia, nikampe mwenyewe.

Nitampa. Na wewe, mtoto akija au asije, ujue nimeondoka nikikusifu.

Bibi yako

28 Julai

Bibi,

Shikamoo. Kifua sikiulizi, mama ameniambia. Jumamosi tunapanda basi la kwanza kuja, mimi na mume wetu. Uningoje.

Barua hii inatangulia kwa sababu imenishinda kuibeba. Tezi imeamka. Na nina mimba. Bado changa sana. Daktari ameongeza dozi palepale, maana kwa sasa mtoto naye anategemea homoni yangu. Mume wangu alitaka tufiche kwanza, kwa ajili ya zile mbili zilizotoka. Nimemwambia katika ukoo huu kuficha kumetosha. Tukifurahi tufurahi na watu, tukilia tulie na watu.

Bibi, sijaona mtu anayejua kutunza siri kama wewe. Hii usiitunze. Mwite Spika, umwambie hii ni ya kumwaga.

Mke mwenzako