Jiwe la Mwisho Juu ya Kedowa

Kogo mpendwa,

Chamgei? Tumepiga kambi msituni, juu ya Kedowa. Leo tulipanda mlima hadi jiwe la mwisho, ambalo hupandwa kwa mikono na magoti. Lilikuwa limelowa kwa mvua ya mawe. Wenzangu walilipita. Mimi miguu ilikataa.

"Panda, profesa! Hili halimo kitabuni!" Kiprono akanipigia kelele kutoka juu.

"Mwache," akasema Mama Chebet anayetuongoza. "Wewe kaa, kula viazi."

Nilikula viazi baridi nikiwasikia wakishangilia kileleni, hatua kama ishirini tu juu yangu.

Kogo, najua umeniwekea kibuyu cha maziwa ya mursik cha kumpokea mshindi. Tafadhali usikifungue. Jumamosi nikirudi, nipe chai tu. Mungu autulize mgongo wako.

Mjukuu wako,
Kibet