Shemeji na Kisahani cha Mabingwa

Shoga, huyu mume wa dada ana kichwa cha kufugia nywele tu! Natoka naye na mama kwenye gofu ya visahani sasa hivi, ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki viingie kikapuni.

Dukani muuzaji kaniambia, "Dada, ndiyo unaanza, chukua hiki chepesi, kinakwenda taratibu."

Shemeji akamcheka! "Hicho cha watoto. Mpe cha mabingwa."

Cha mabingwa! Mwenyewe hajawahi kurusha hata kimoja.

Uwanjani eti anionyeshe. Akarusha, kikakata kushoto, kikampiga mama begani. Mama mkwe wake, shoga!

"Ni upepo," anasema. Upepo! Hata jani halikutikisika.

Mama kajishika bega, kamwambia polepole, "Mkwe wangu, nenda kakae kwenye gari."

Akaenda. Akafunga na mkanda.