Sauti ya Kamionete ya Babu

Furaha mujukuu wangu,

Hapa Nyabiondo tuko wazima, maharagi imechanua, mama yako anakusalimia. Unauliza kama nitafurahi ukitutumia moteri ingine ya kamionete, ile gari ndogo ya mizigo ya babu yako. Nilikasirika, na nitakuambia sababu.

Mwaka babu yako alinioa, alibadilisha moteri yake bila kuambia muntu. Ile ya zamani, watu wa vilima vyote walijua sauti yake. Wakiisikia, wanateremusha wagonjwa ku barabara ili awapeleke ku hospitali ya Kirotshe. Ile mupya ikanguruma sawa gari ya waaskari. Siku ya kwanza tu, watu wakawaza ni waaskari, wakakimbilia porini. Miye na babu yako tukakuta kipoyi, kile kitanda cha kubebea wagonjwa, chini, katikati ya barabara, na juu yake dada yangu, peke yake, na uchungu wa kuzaa. Wenye kumubeba walikuwa wamemuacha.

Alipona. Hasira yangu njo haijapona. Si juu ya wale waliokimbia, hata miye ningekimbia. Babu yako alisifu nguvu ya moteri siku nzima, hakuwaza masikio ya watu!

Basi itume. Lakini mbele ya kuituma, tuma sauti yake ku telefone. Nitaisikilizisha kanisa yote, mpaka watoto waijue.

Nyanya yako