Kitanda Changu cha Arusi Kimehamia kwa Wageni

Mpendwa Hajiya Gambo,

Assalaam alaykum. Naomba unishike mkono kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili wazee wa pande mbili wanakutana kwa baba yangu kuzungumzia ndoa yangu, na mimi nilikuwa sijui kama ndoa yangu inaumwa.

Nianze na nyumba, maana ndiyo chanzo. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, aliniachia nyumba ndogo ya udongo ndani ya mji wa kale, vyumba viwili na ua, karibu kabisa na njia wanayopita farasi wa gwaride la Idi, na wewe unajua jinsi Kano inavyofurika watu wa Lagos na Abuja na hata wa ng'ambo wanaokuja kutazama farasi, hoteli zinajaa, watu wanalala kwenye magari, basi nikamwambia mume wangu (nitamwita Malam, jina lake silitamki) kwamba nataka kuipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu, naye akasema fanya, ni mali yako, Mungu akubariki, akarudi dukani kwake kuuza vitambaa.

Nikapaka chokaa, nikanunua kitanda cha chuma, godoro, feni na tangi la maji, nikapiga picha nikaziweka kwenye mtandao, na wageni wakaja, na hapo ndipo utulivu uliponitoka. Mke na mume wa kwanza, waliokuja Idi ndogo, waliandika kwamba nyumba ni nzuri ila hakuna kioo cha kumwonyesha mtu mwili mzima, mwanamke anavaa nguo yake ya Idi hajui amependeza au vipi. Nyumbani nina kioo kirefu, kilikuja pamoja na vitu vya arusi yangu, nikamwita Sabo wa mkokoteni akakipeleka. Wa pili wakasema kuta tupu zinatia upweke, nikapeleka kabati langu la vyombo na bakuli za shaba na masinia yangu yote ya maua, nikayapanga ukutani mpaka juu kama mama alivyonipangia siku ile naingia kwa Malam, wakapiga picha, wakasifu. Wa tatu wakasema kuna harufu ya udongo mvua ikinyesha, nikapeleka chetezo changu na kopo la udi. Akaja mwingine, sijui alitoka wapi, akachukua birika la plastiki la kutawadhia akalibandika juu ya jiko la gesi achemshe chai, likayeyuka, nyumba nzima ikanuka, na bado aliandika kwamba mwenyeji ni mkarimu ila mabirika yake si imara.

Kila asubuhi kabla sijanawa uso nashika simu nawaandikia wageni wangu, mmelalaje, kisha nangoja jibu na moyo unadunda. Ndipo wakaja maharusi kutoka Lagos wakaandika, "Kila kitu safi, ila kitanda kinalia. Ukigeuka tu, mtaa mzima unajua habari zako." Hajiya, niliona aibu kana kwamba ni mimi niliyekuwa nalia. Nikamwita Sabo. Nilimwambia aje mapema, watu wakiwa bado ndani, lakini Sabo akachelewa, akaja na uongo wa tairi, na kitanda changu cha mbao, kile baba yangu alichonichongeshea kwa ajili ya arusi, kilitoka nyumbani kwa Malam Ijumaa, saa ileile watu wanamiminika kutoka msikitini. Godoro juu, mimi nyuma nimeshikilia ubao wa kichwani usianguke. Wanaume walitupisha njia, wakainamisha macho. Mzee mmoja akaniambia, "Pole, binti yangu. Mungu atakupa kilicho bora." Nikamjibu amina, nikidhani anasikitikia uzito wa kitanda.

Malam alirudi jioni, akasimama mlangoni mwa chumba akatazama kile kitanda cha chuma nilichokileta kujaza nafasi. Akauliza jambo moja tu.

"Baba yako anajua?"

"Anajua nini? Si vitu vyangu?"

"Ni vyako, kweli," akasema, akatoka kwenda kukaa ukumbi wa mbele na wanaume wenzake. Tangu hapo ni mpole kupita kiasi. Nikimpa chakula ananishukuru kama mtu aliyepanga chumba.

Baada ya siku chache akaja mama yake, Inna Delu, hakupiga hodi kama kawaida yake, akaingia chumbani, akatazama ukuta palipokuwa na masinia, akakaa chini kwenye mkeka.

"Mwanangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea, Inna. Ni wageni tu, walisema kitanda kinalia."

"Wageni gani?"

"Wa Lagos."

"Na mwanangu analala juu ya kipi sasa?"

"Cha chuma."

"Hicho kinacholia?"

"Ndiyo, Inna."

Akafunga vizuri kilemba chake. "Basi. Wa Lagos wasisikie kelele, mwanangu mimi azisikie." Akainuka, na alipofika mlangoni akaongeza, "Chumba kikikaa hivi, watu watamtafutia mwingine wa kukijaza. Si mimi. Watu."

Nikakimbilia kwa rafiki yangu Talatu nicheke naye, lakini Talatu hakucheka. "Shoga, sokoni wanaulizana kama umeshapewa karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya talaka, kwani nyingine ipi? Vitu vya mke vimetoka vyote, wewe unataka watu wafikiri umeenda kuvifua?"

Kumbe baba mdogo wa Malam alikuwa tayari amekwenda kwa baba yangu na kokwa za kola za heshima na maneno ya adabu, kuuliza binti wao amechoshwa na nini. Baba yangu ameniletea ujumbe mmoja: njoo Jumapili, uje na sababu.

Sina sababu, Hajiya. Wala sijachoka naye. Lakini nikufiche wewe nimwambie nani? Kuna mgeni mmoja aliandika, "Mama huyu ana mkono mwema, kila kitu alichokigusa kinatulia." Niliyasoma jikoni nikiwa nimesimama nikakaa chini. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nimetandika, nimefukiza, nimepanga, na hakuna aliyeniambia mkono wangu ni mwema. Na wageni wakiondoka huwa nakwenda kufua mashuka, halafu najinyoosha kidogo juu ya kitanda changu katika nyumba ile tupu, na usingizi unanichukua palepale, mchana kweupe, wakati nyumbani nageuka tu mpaka asubuhi.

Sasa Idi kubwa imekaribia na kuna familia kutoka Ibadan imeshika nyumba kwa sababu ya picha ya kitanda kile. Wakikikosa wataninyima nyota za mtandaoni, na nyota zangu ni nzuri. Naomba unisaidie, nitawaelezaje wazee kwamba hivi ni vitu tu? Na je, kuna ubaya gani nikiacha Idi ipite kwanza? Na ukiweza niambie pia, chumba kinachopigwa na jua la jioni kinafaa pazia la rangi gani.

Wako,
Mama wa Vyumba Viwili, Kano

*

Mama wa Vyumba Viwili,

Waalaykum salaam. Pazia tuliache kwanza.

Nilicheka mpaka pale birika lilipoyeyuka. Nilipofika kwa Inna amekaa kwenye mkeka niliacha kucheka, nikaivua miwani. Mwanangu, wewe umezaliwa Kano, hukushuka jana uwanja wa ndege. Unajua vitu vya chumba cha mke vinavyoingia: kwa ngoma, kwa vigelegele, shangazi zako wakihesabu masinia ili majirani wasikie. Na unajua vinavyotoka. Umeona kabati la dada wa mtu likipakiwa, umesimama mlangoni kwako ukasema maskini. Leo unaniuliza utawaelezaje wazee kwamba ni vitu tu? Usiwaeleze. Hawatakuelewa, na hawana kosa. Wewe umetangaza talaka Ijumaa mbele ya msikiti, ukaitikia na amina.

Mume wako alikuuliza kama baba yako anajua. Ulimjibu kuhusu mali. Yeye alikuwa anauliza kama ameachwa, na kwa adabu aliyolelewa nayo hakuweza kuuliza kwa njia nyingine. Ukamwambia vitu ni vyako. Mimi ningekuwa yeye na mimi ningekwenda kukaa ukumbi wa mbele.

Haya, nimekwisha kukugombeza kwa hilo, sasa nisikilize kwa jingine. Sikulaumu kwa kupenda kusifiwa. Mtu anayetandika kitanda maisha yake yote bila kusikia neno, siku akiambiwa na mgeni kwamba ana mkono mwema, lazima akae chini. Ningekaa na mimi. Lakini angalia ulichokifanya na njaa hiyo. Kila mgeni akisema neno, ulivua kitu kutoka kwa mumeo ukamvika mgeni. Na Malam hakukunyima sifa kwa ubaya, wanaume wetu wengi wanaona haya kumsifu mke hata wakiwa peke yao naye. Hilo ni baya, na utamwambia. Kwa mdomo, lakini. Umemwambia kwa mkokoteni.

Na kuna jambo nataka ujiulize ukiwa peke yako, kabla ya kufanya lolote nitakalokuagiza. Huo usingizi wa mchana katika nyumba tupu, ni wa uchovu, au ni wa mtu aliyekwisha kuondoka? Kama unataka kuondoka, ni haki yako. Kaa mbele ya baba yako useme nataka kuondoka, na uwape sababu waliyokuomba. Usikiache kitanda kikusemee. Lakini mwanamke anayetaka kuondoka haandiki kwamba hajachoka naye, wala hakumbuki mama mkwe alivyokaa chini kwenye mkeka. Nadhani hutaki. Nadhani ulitaka mtu akuone tu.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, nenda kwa baba yako mwenyewe, usingoje Jumapili. Mwambie ukweli wote hata na maharusi wa Lagos, atakasirika, kisha atacheka akiwa ndani ya chumba chake usimwone. Mwombe ampelekee salamu yule baba mdogo wa Malam. Jumapili wazee wakikutana wakute wali na nyama, wasikute kesi.

Ijumaa mwite Sabo. Asije mapema. Aje watu wakitoka msikitini, apite njia ileile, na wewe tembea nyuma umeshikilia ubao wa kichwani kama ulivyoushikilia mara ile. Yule mzee aliyekupa pole akione kitanda kinarudi. Watu wakiuliza, jibu kwamba kilikwenda kutembea. Kioo na chetezo virudi pamoja nacho, na masinia yote, panga ukutani kama mama yako alivyoyapanga, umwite Inna Delu aje akupitishie moja moja. Atakubali. Usimwambie neno la wageni siku hiyo.

Sasa nyumba ya shangazi, maana sitaki uifunge. Mgeni anataka nini? Anataka kitanda kisicholia, na cha chuma kinalia kwa sababu parafujo zimelegea na kwenye viungo hakuna kitu. Mwite fundi azikaze, aweke vipande vya mpira katikati, kazi ya nusu saa. Anataka mashuka safi na mengine ya kubadilisha, taa ya kuchaji umeme ukikatika, soketi karibu na kichwa chake, misumari ya kutundikia nguo, maji yasiyokatika. Kioo kirefu nunua sokoni, cha kawaida. Udi mfukizie kidogo tu, wengine wanapiga chafya. Birika la chai weka la bati jikoni, na la kutawadhia lihamie msalani, mtu hawezi kuchanganya tena hata akitaka. Ukutani weka vikapu na fai-fai, zile sahani bapa za majani wanazosuka mafundi wetu, wageni watavipenda zaidi kuliko unavyofikiri, na vikivunjika havikuvunji.

Watu wa Ibadan waandikie leo kwamba kitanda cha kwenye picha ni cha arusi ya mwenye nyumba na kimerudi kwake, picha mpya hii hapa, wakitaka kughairi waghairi. Hawataghairi, wanakuja kuona farasi. Na wakikunyima nyota, wakunyime. Nyota hiyo haikai Jumapili kwa baba yako.

Pazia, weka la bluu iliyokoza la watia nili, jua la jioni halilitishi.

Limebaki moja. Umeniambia kwamba kila asubuhi, kabla hujanawa uso, unawauliza watu wa Lagos wamelalaje. Nimetafuta katika barua yako yote mahali ulipomuuliza hivyo mtu anayelala ubavuni mwako juu ya chuma kinacholia. Jumamosi, kitanda kikiwa kimerudi, iache simu ilipo. Muulize yeye kwanza, kisha ungoje jibu lake kama unavyongoja lao.

Hajiya Gambo